Papine au Mavis Bank: ukienda kujitolea Jamaica, ulale wapi?

Karibu kila mwezi kuna mtu ananiandikia kwamba amekubaliwa kwenda kujitolea Jamaica na anataka nimchagulie: akae mjini au kijijini? Wengi wanakuja na picha yao tayari. Mjini risasi, kijijini maembe na amani. Mimi nimekaa kote kuwili. Miezi saba nilipanga chumba Papine, upande wa juu wa jiji la Kingston, nikifundisha watoto kusoma katika shule ya msingi ya jirani. Kisha, Septemba 2023, nikahamishiwa kijiji cha wakulima wa kahawa juu ya Mavis Bank, kazi ileile, nikakaa mwaka mmoja kasoro wiki chache katika nyumba ya mama mmoja mjane. Ile picha ya risasi na maembe haikunifaa kokote.

Ajabu ni kwamba pande hizi mbili ziko kwenye njia moja ya teksi. Unapanda gari Papine, unafuata bonde la mto Hope mpaka Cooperage, pale barabara inapogawanyika: kushoto Irish Town, kulia Gordon Town. Unashika kulia, unapanda kwa kona zisizoisha hadi Guava Ridge, halafu unateremka Mavis Bank. Barabara ikiwa nzima ni kama saa moja. Zote zimo St. Andrew, moja kati ya parishi 14 za kisiwa hicho. Lakini mtu wa Papine akisema fulani kaenda "juu", analitamka neno hilo kama mtu wa Mombasa anavyosema bara.

Kazi ya mchana haikutofautiana sana. Chaki ni chaki. Kilichobadilika ni kuanzia saa tisa alasiri, mtoto wa mwisho akishabeba begi lake na kuondoka. Kwa hiyo nalinganisha kuanzia hapo, ingawa najua fomu za mashirika huanza na mambo mengine.

Jioni

Anza na saa. Jamaica iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane, mwaka mzima, kwa sababu wenzetu wale hawasogezi saa zao kwa majira. Ukitoka kazini saa tisa alasiri, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tano usiku. Ukimaliza kuoga na kula, saa kumi na mbili jioni, kwenu ni saa nane usiku. Yaani muda ule ambao upweke hubisha hodi, watu wako wote wanakoroma. Simu za nyumbani utazipiga alfajiri, kabla ya kazi. Jioni utakuwa na watu waliopo hapo ulipo, au hutakuwa na mtu.

Mlimani watu wapo, upende usipende. Nikishuka kwenye gari, kabla sijafika mlangoni mama mwenye nyumba ameshajua nimepanda gari la nani, nimekaa karibu na nani, na kwenye mfuko nimebeba nini. Tunakaa barazani tunabangua mbaazi. Jirani anapita, anasimama, anakaa. Wazee wanapiga domino kwenye kibanda cha duka, na domino ya Jamaica hailazwi mezani, inapigwa. Ukiwa mgeni unadhani watu wanagombana. Jumatano kuna maombi. Nyumba yetu ilikuwa ya Wasabato, kama nyumba nyingi za Jamaica, kwa hiyo Ijumaa jua likizama kila kitu kinasimama: chakula kimeshapikwa, nguo zimeshapigwa pasi. Aliyekulia Upareni au Kisii hatahitaji kuelezwa.

Halafu kuna misiba. Mtu akifa, jamaa wanasubiri wa Uingereza na Marekani wafike, na wakati huo wote nyumba ya marehemu haikosi watu jioni. Kilele chake wanakiita usiku wa tisa. Kahawa, mkate mgumu wa boflo, samaki wa kukaanga, ramu kwa wanaokunywa, supu ya kichwa cha mbuzi, nyimbo za kanisa ambazo mwimbishaji anasoma mstari na wengine wanaupokea. Nilipoingia mara ya kwanza nikajikuta natafuta pa kuweka rambirambi. Ni matanga. Hakuna neno lingine. Na kama ilivyo kwetu, kutoonekana matangani kunakumbukwa kuliko kosa lolote utakalofanya darasani.

Mwezi wa nne mama akanialika kwenye upatu. Wao wanauita "pardner", na anayekusanya fedha anaitwa banka. Fungu la mtu ni "mkono": kulipa ni kuurusha, kupokea ni kuuvuta. Waliponiuliza kama ninajua mambo hayo nikacheka mpaka nikakohoa. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabiwa mtu wa pale, kwa sababu mgeni anayerusha mkono hawezi kuondoka kesho.

Bei yake ni faragha. Sikuwahi kulia peke yangu mlimani, na kuna siku nilitaka sana kulia peke yangu.

Papine ni kinyume. Nilikaa kwenye ua wenye vyumba sita, bomba moja, uzio wa bati pande zote na lango linalofungwa kwa mnyororo. Kama umewahi kupanga uswahilini, unaujua ua huo hadi harufu yake. Majirani walikuwa watu wema, lakini kila mmoja na hamsini zake: mmoja mlinzi wa usiku, mwingine anauza vocha, wanafunzi wawili. Chuo Kikuu cha West Indies kiko palepale Mona, Chuo Kikuu cha Teknolojia kiko ng'ambo ya barabara, bustani ya Hope unafika kwa miguu. Unaweza kwenda kusikiliza mhadhara, kunywa juisi, kurudi, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi.

Jumamosi usiku niliwakuta Marasta kwenye uwanja wa Papine wakipiga ngoma. Ngoma hizo wanaziita Nyabinghi, na nilipowaambia kwamba jina hilo limetoka upande wetu walinikalisha chini. Msomaji wa Kabale au kaskazini mwa Rwanda anajua: Nyabingi ni roho iliyoheshimiwa huko, na waganga wake waliwasumbua wakoloni; mmoja wao, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911. Mazungumzo hayo yalikwenda hadi saa tano, na ni miongoni mwa jioni bora nilizopata Jamaica. Lakini zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa hivi: saa moja lango limefungwa, feni inazunguka, simu mkononi, nyumbani wamelala.

Kurudi nyumbani

Teksi za njia zina namba nyekundu, na zinafanya kazi kama vifodi vyetu vya zamani: linaondoka likijaa. Nyuma wanakaa wanne. Dereva akikuambia ujibane, unajibana. Atakayenuna ni mgeni. Ukiingia lazima usalimie gari zima, hata kama ni gari la watu waliochoka. Kushuka unasema "one stop, driver", nayo inasimama palepale, kona au si kona.

Kutoka Papine kwenda kwetu, magari ya mwisho yalijaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua. Tulikuwa watatu nyuma, mmoja wetu mama aliyepakata boksi la vifaranga wanalia chi-chi-chi, na dereva amesimama nje chini ya mwavuli akiita "Mavis Bank! Mavis Bank!" kwa abiria mmoja tu aliyebaki. Dakika arobaini. Hakuna aliyelalamika. Abiria wa nne alipotokea, mwanamume mpana kama kabati, mama akainua boksi, yule bwana akaingia, boksi likashushwa juu ya magoti yetu wanne kwa pamoja. Njia nzima vifaranga walikuwa wangu kwa robo.

Ukiishi Papine tatizo hilo huna. Mabasi ya njano ya shirika la umma yanafika hapo, na kwenda Half Way Tree au katikati ya mji ni rahisi. Mtu mwenye kazi ya ofisini jioni, au anayetibiwa mara kwa mara, au anayesoma kwa mtandao, asijidanganye kuhusu mlima. Hospitali ya Chuo Kikuu iko Mona. Ukiwa Papine ni safari ya dakika chache.

Darasani

Hapa nitakuwa mfupi. Mjini watoto wanafika kila siku, darasa limejaa, wazazi wanabanwa na mtihani wa kumaliza msingi, ule wa PEP ulioanza 2019. Mlimani darasa ni dogo na unamjua kila mtoto na bibi yake, lakini Ijumaa viti ni vitupu, kwa sababu mizigo ya soko la Jumamosi inafungwa siku hiyo na mikono midogo inahitajika. Msimu wa kahawa nao unachukua watoto. Ukipanga somo gumu Ijumaa, umejipangia mwenyewe.

Kipatwa

Hili ndilo jambo ambalo Mswahili ana faida nalo, na sijaona mtu akiwaambia wanaoondoka. Kiingereza ni lugha ya ofisi na vitabu; kinachozungumzwa nyumbani ni Kipatwa. Ukikisikiliza kama Kiingereza kibovu, hutakielewa mwaka mzima. Kisikilize kama lugha yenye viambishi vyake. "Mi a go" ni ninakwenda. "Mi did go" ni nilikwenda. "Mi wi go" ni nitakwenda. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kile kidude cha mbele, kama na-, li- na ta- zetu. Wingi wa watu unaosema nao ni "unu", yaani ninyi, neno lililotoka kwa Waigbo. Kula ni "nyam", na mtoto wa kwetu hahitaji kufikiri mara mbili kulikumbuka. Karanga zinaitwa "pinda", neno la Kikongo. Na ukishuka hadi St. Thomas, parishi ya jirani, kuna ngoma ya Kumina ya wajukuu wa watu wa Kongo waliopelekwa kule kufanya kazi kwa mkataba baada ya utumwa kwisha, na Mungu wanamwita Zambi. Mkongomani anayesoma hapa atatabasamu.

Papine nilichelewa kukijua. Mtu akisikia lafudhi yangu alihamia Kiingereza papo hapo, kwa adabu, kama anavyofanya kwa wanafunzi wa visiwa vingine. Mlimani mama hakuhamia popote. Mwezi wa kwanza nilikuwa naitikia tu. Mwezi wa tatu nilikuwa nabishana naye bei ya vitunguu.

Kuhusu salamu, jihadhari na moja. Jioni yangu ya kwanza kule juu niliingia dukani, mzee mmoja akanitazama akasema "good night". Nikajua ananifukuza. Nikaaga, nikatoka bila kununua mshumaa. Kumbe kwao hiyo ndiyo salamu ya kukutana usiku, na nilichofanya ni sawa na mtu kuamkiwa shikamoo akageuka akakimbia. Hadithi ilinitangulia shuleni asubuhi.

Kwa watoto, Kipatwa ni suala zito kuliko utani huo. Mtoto wa darasa la pili aliniandikia "mi did a go a shop", sentensi isiyo na kosa hata moja katika lugha yake, na daftari likarudi na wino mwekundu. Aliyesoma Kiswahili miaka saba kisha akaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza anajua mtoto yule alijisikiaje. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nifae kitu pale, kuliko cheti chochote.

Chakula

Usibebe hofu. Callaloo ni mchicha. Gungo ni mbaazi. Wali wa Jumapili unapikwa kwa maharage na tui la nazi. Kuna viazi vikuu, magimbi, ndizi mbichi za kuchemsha, fenesi, stafeli, ukwaju, embe ng'ong'o. Mihogo wanaitengeneza mkate bapa uitwao bammy. Mwenye asili ya Tanga au Unguja atafika kwao.

Tofauti ni nani anakilipia. Mjini ninanunua: boksi la wali na kuku, andazi la nyama wanaloliita patty, mboga soko la Papine kwa kipimo cha ratili, maana kilo bado hazijaingia vichwani. Mlimani sikununua mboga hata siku moja. Mfuko unakutwa umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango, na kazi yako ni kubaini umetoka kwa nani ili ushukuru. Ukikosea mtu, umeleta kesi.

Shelisheli nililidharau tangu utotoni, kwa sababu nililijua la kuchemsha. Mama analiweka zima juu ya jiko la mkaa, anakata kikonyo, anatoboa mtambuka chini. Analigeuza polepole mpaka ganda lote linakuwa jeusi kama sufuria ya shughuli. Halafu unaanza kusikia mvuke unapiga mluzi pale kwenye kikonyo. Hapo limeiva. Analishika kwa gunia, anamenya kwa kisu kifupi, ganda linaanguka vipande vya mkaa na ndani pana rangi ya siagi. Linaliwa na aki na samaki wa chumvi. Mjini nililipata pia, limechomwa kwa gesi. Si kitu kilekile.

Aki ni tunda la taifa na lina sharti moja lisilo na mzaha: halichumwi mpaka lifunguke lenyewe mtini. Lililofunguliwa kwa nguvu lina sumu inayoshusha sukari mwilini na huua. Mlimani unafundishwa siku ya kwanza. Mjini nunua kwa mtu anayejulikana, au la kopo.

Na kahawa: mama alikuwa akichuma kahawa ya Blue Mountain, mojawapo ya ghali duniani, akiuza kwa boksi la ratili 60, ambazo ni kama kilo 27. Mwenyewe asubuhi alikunywa chai ya cerasee, mmea mchungu wa jamii ya karela. Mimi ni mtoto wa Kibosho. Kwetu pia tulichuma kahawa tukanywa majani ya chai. Sikuuliza.

Maji, umeme na vimbunga

Umeme ni volti 110 na plagi ni za pini bapa za Kimarekani, kwa hiyo pasi na kichemshio chako cha volti 240 viache nyumbani. Chaja ya simu itakubali ukipata kibadilishi cha plagi.

Mjini maji ya bomba ni mazuri mpaka kiangazi cha miezi ya mwanzo wa mwaka, bwawa la Mona linaposhuka na mgao unaanza. Ua wetu ulikuwa na ndoo ishirini na moja. Nilizihesabu usiku mmoja bomba lilipotoa sauti bila maji. Mlimani tulikinga ya mvua kwenye matangi meusi na mapipa. Funika mapipa hayo. Malaria haipo Jamaica, lakini dengi ipo, na mbu wake anauma mchana na kuzaliana kwenye maji ya nyumbani kwako.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Tarehe 3 Julai 2024 Beryl alipita kusini ya kisiwa nikiwa mlimani. Mama alinitayarisha kwa siku mbili: bati zifungwe kwa waya, hati ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko, viazi vikuu vichimbwe mapema. Kwake vimbunga vyote hupimwa kwa Gilbert wa Septemba 1988. Mti ule ulipandwa kabla ya Gilbert, mtoto yule ni wa baada ya Gilbert. Usiku ule upepo haukuvuma, ulisukuma. Asubuhi paa lilikuwepo, migomba yote imelala upande mmoja kama watu wanaosujudu, na barabara imefukiwa sehemu tatu. Wanaume waliichimbua kwa majembe kabla gari lolote la serikali halijafika. Umeme ulirudi baada ya wiki tatu. Rafiki zangu wa Papine walikaa siku chache tu gizani. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 2025, Melissa aliingia Westmoreland akiwa wa daraja la tano na kuuvunjavunja mji wa Black River. Upande wa magharibi leo ndio unaohitaji mikono kuliko Papine na Mavis Bank kwa pamoja, na ukipangiwa huko, mlinganisho wangu huu uusome kwa tahadhari.

Hata bila kimbunga, mlima unakatika. Mvua za Novemba 2020 zilibomoa kipande cha barabara ya Gordon Town, na watu wa juu wakabaki juu.

Usalama, na kuwa Mwafrika

Sitapunguza chumvi. Kwa miaka mingi Jamaica ilizika zaidi ya watu 1,000 waliouawa kila mwaka, katika nchi ya watu wasiofika milioni tatu. Miaka ya karibuni idadi imeshuka sana. Mauaji hayo hayakusambaa sawasawa. Yanafuata mitaa, na ndani ya mitaa yanafuata mipaka ambayo haina ubao. Mjini utajifunza kutoka kwa majirani kwamba duka la kushoto unakwenda na la kulia hapana, na hutaambiwa kwa nini. Tii. Mlimani hatari yangu ilikuwa barabara, mbwa, na mto Yallahs ukijaa.

Wenzangu weupe wa mashirika mengine walitambulika hatua mia moja. Mimi nilifanana na kila mtu. Mjini hilo ni raha: hakuna anayekuomba dola, hakuna anayekufuata. Lakini pia hakuna anayekuona mgeni. Ukipotea, unaonekana mtu wa mtaa mwingine aliyevuka mpaka, na hilo si jambo jema. Fungua mdomo mapema, lafudhi yako ikuokoe.

Mlimani walijua tangu kabla sijafika kwamba "Mwafrika anakuja", na wengine walivunjika moyo kidogo, maana mtu wa kujitolea wanayemjua ni mweupe mwenye mradi na fedha. Maswali yalikuwa mengi. Nyumba zetu. Simba. Kama nimeonana na familia ya Haile Selassie. Kenya iko upande gani, na kwa nini watu wa huko hawachoki kukimbia. Hilo la mwisho liliulizwa kwa heshima ya kweli, kwa sababu wao mita mia wanaijua, ni zile elfu kumi zinazowashangaza.

Fedha

Mlimani unatumia kidogo na unatoa kingi: mchango wa kanisa, wa msiba, wa sare ya mtoto wa jirani. Mjini kodi na nauli vinakula posho. Mwisho wa mwezi nilibaki na kilekile.

Kwa hiyo

Mwenye chini ya miezi sita namshauri Papine. Mlimani ilinichukua miezi minne kualikwa kwenye upatu; ukiondoka wa tano, umewala watu chakula chao ukaenda zako. Mwenye maradhi ya kudumu, mwenye kazi ya pili ya mtandao, na yule ambaye akitazamwa sana anaugua, Papine pia.

Mwenye mwaka au zaidi apande. Na kama shirika linaruhusu kuhama, afanye kinyume changu: mlimani kwanza, akapate lugha na watu, mjini baadaye. Mimi nilianza mjini na nusu ya miezi ile saba niliipoteza kwa kutokujua watu wanasema nini. Walioko Marekani wenye uraia wa huko na wanaofikiria Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, ambalo limekuwa Jamaica tangu 1962, mkataba wao ni zaidi ya miaka miwili. Hao wasiogope mlima hata kidogo.

Kabla ya kusaini, usiulize kama mahali ni salama, watakujibu ndiyo. Uliza maji yanatoka wapi, uliza nani anakaa chumba cha jirani, na uliza gari la mwisho ni saa ngapi. Mimi hilo la mwisho sikuuliza. Wiki yangu ya kwanza ya mlimani nilishuka kwenye basi Papine saa mbili usiku, mfuko wa unga na samaki wa kopo mkononi, nikakuta kituo kitupu na mbwa wawili. Nikarudi kugonga lango la bati la ua wangu wa zamani, ambao nilishaandika kwenye ripoti kwamba hakuna mtu aliyenijua. Yule mlinzi wa usiku ndiye aliyefungua. Alinipa chumba chake, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda kazini, na aliporudi alfajiri aliniamsha kwa kikombe cha chai akaniuliza kama nauli ninayo.